Rafu ya Nyuma ya Mlango

Mlango ulifunguka mpaka ukutani, ukagonga.

Mokua akasimama kizingitini na mfuko wake wa safari mkononi. Miaka kumi na moja mlango ule haukuwahi kugonga ukuta. Ulikuwa unafunguka nusu, unakwama kwenye ubao, na anayeingia anapita ubavu. Wenye miili yao walilalamika. Nyatichi, mke wake, alikuwa akiwajibu, "Pita hivyo hivyo, vitabu havichagui tumbo."

Sasa ulifunguka wote, kama mlango wa duka.

Akatazama nyuma ya mlango. Rafu haikuwepo. Palibaki ukuta mtupu na matundu manne ya skrubu alizozikaza yeye mwenyewe.

Alikuwa ametoka Uriri, kwa binti yake Jedidah. Baada ya mazishi ya mama yake, Jedidah alimwambia, "Baba, njoo ukae kwetu kidogo. Hapa utabaki unaongea na sufuria." Akaenda. Wiki tano alilishwa na kuulizwa kila saa kama amelala vizuri. Akachoka kuulizwa. Jumapili alasiri akashuka Kosele, na kabla hajafika nyumbani akaona apitie maktaba, afagie, afungue madirisha, watu wasome.

Kumbe ilikuwa imefunguliwa, na watu walikuwa wanasoma.

Wanafunzi saba walikaa mezani. Kwenye kiti cha Nyatichi alikaa kijana mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Rafu zote zilikuwa zimesogezwa na kusimama mistari, kama watoto kwenye gwaride. Na vitabu vilikuwa vimevalishwa karatasi ya kaki, vyote, cha kwanza mpaka cha mwisho, na kila kimoja kimebandikwa nambari mgongoni. Mokua alitafuta uso wa kitabu anaoujua. Hakuuona hata mmoja.

"Karibu mzee," kijana akasema. "Wewe ndiye Mzee Mokua? Mimi naitwa Gordon. Pole sana kwa mama."

"Vitambaa viko wapi?" Mokua akauliza.

*

Chumba kile kilikuwa stoo ya kanisa. Nyatichi alikiomba mwaka ule alipomkuta muuza njugu sokoni akichana kitabu kufungia njugu. Alimpokonya. Akachukua na vingine vilivyobaki kwenye gunia, akamwachia gazeti la zamani afungie. Ndivyo maktaba ilivyoanza. Baadaye shule moja ya jirani ilifungwa, wakampa masanduku mawili. Mgeni mmoja akaacha jingine. Nyatichi alisoma mpaka darasa la saba, basi. Lakini alichokisoma hakikumtoka.

Mokua hakusoma hata la kwanza. Alichunga ng'ombe huko kwao Nyamira, kisha akashika randa, akaja Kosele na randa yake, akakaa. Alijua nambari, kwa sababu ya futi kamba ya kupimia mbao. Herufi hazikumjua, naye hakuzijua. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo wengine wanapofungua, akageuza ukurasa wengine wanapogeuza. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Waliojua siri hiyo walikuwa wachache. Nyatichi alikuwa wa kwanza wao.

Kila mtu ana namna yake ya kuweka vitu. Mokua aliweka vyombo vyake ukutani kwa misumari, kwa kufuata kazi: cha kupimia, cha kukatia, cha kupigia randa, patasi, nyundo, msasa. Kifaa kinakaa pale mkono unapofika. Hata gizani angekitoa.

Nyatichi alikuwa na namna nyingine. Aliweka vitu kwa kufuata jambo. Tochi, mwavuli na viatu vya plastiki vilikaa pamoja, hayo ni mambo ya mvua. Kulikuwa na kikapu cha hospitali: shuka, kikombe, sabuni, kadi za kliniki. Kulikuwa na kikapu cha matanga: leso mbili, sukari, majani ya chai, kisu cha kumenyea. Mtu akifiwa, Nyatichi alichukua kikapu akatoka, hatafuti kitu. Alipokufa yeye mwenyewe, wanawake waliingia jikoni wakauliza sukari iko wapi. Mokua aliwaonyesha kikapu. Kilikuwa kimejaa. Alikijaza kabla hajalazwa.

Basi vitabu navyo alivipanga hivyo, kwa kufuata jambo. Hakusema hiki ni cha sayansi, hiki ni cha nini. Alisema: huyu ng'ombe wake hali. Huyu anakaribia kuzaa. Huyu ana mtihani. Huyu amefiwa. Kila jambo na rafu yake, na ndani ya rafu akapanga kama ukuta wa vyombo vya mume wake: kwanza udongo, kisha kupanda, kisha kupalilia, kisha dumuzi wa ghalani, kisha soko. Na kwa ajili ya mume wake akachana magauni yake makuukuu, akafunga kitambaa kwenye kila kitabu. Kijani cha shamba. Buluu cha uzazi. Maua mekundu cha mtihani. Mokua akawa anaazima watu vitabu bila kusoma neno. "Mahindi yako yamefika wapi?" anauliza. "Magotini." Anatoa cha tatu. Mtu anaenda zake ameridhika. Daftari akilisukuma mbele, anasema, "Jiandike." Watu wakajiandika. Nani angejua?

Halafu siku moja Nyatichi akaja na jambo la mlango.

"Baba Jedidah, nataka rafu nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango? Mlango utafunguka vipi?"

"Nusu."

"Mimi ni fundi. Watu wakiona rafu nyuma ya mlango watasema fundi alikuwa amelewa."

"Hunywi. Hawatasema."

Waligombana siku mbili. Siku ya tatu aliipigilia. Ikakaa pale, na ule mlango uliokwama nusu ukatengeneza kona ya mtu mmoja. Aliye mezani hakuoni. Aliye nje hakuoni. Hapo Nyatichi akaweka vitabu ishirini na vitatu vyenye kitambaa cha zambarau, mambo ambayo mtu hawezi kuyataja: mimba zinazotoka, ugonjwa wa siri, mume anayepiga, mtoto anayeanguka na kutoka povu. Mtu anaingia, anasimama kona ile, anasoma. Hakuna anayemuuliza unataka nini. Hakuna kutaja. Akimaliza anarudisha, anatoka.

Kwenye rafu hiyo, upande wa kulia, palikuwa na kitabu kimoja ambacho kitambaa chake hakikuwa cha zambarau. Kilikuwa kipande cha ovaroli. Ovaroli ya Mokua. Kwenye jalada palichorwa mzee ameshika penseli. Nyatichi alikiweka pale mkono wa mume wake unapofika, wala hakusema neno. Miaka kumi na moja Mokua alipita mbele ya kitabu kile. Alikuwa anajua ni cha nini. Hakukigusa. Nyatichi hakumuuliza.

*

"Vitambaa nilivitoa, mzee," Gordon akasema. "Viko kwenye gunia pale. Mzee wa kanisa alisema vitolewe."

"Nani?"

"Mzee Oyaro."

Oyaro alikuwa amestaafu Nairobi Desemba iliyopita, akarudi nyumbani na gari na tai nne, na kanisa likampa uzee haraka. Maktaba hakuwahi kuikanyaga Nyatichi alipokuwa hai.

"Na rafu yangu ya nyuma ya mlango?"

"Ile tuliihamishia dirishani, kuna mwanga. Mzee, sikiliza. Hii ni sistimu. Dunia nzima wanapanga hivi. Kila kitabu kina nambari yake kwa kufuata somo. Ukienda Kisumu, ukienda ng'ambo, nambari ni ile ile. Magonjwa ni mia sita kumi na sita. Hapotei mtu."

"Na asiyejua jina la ugonjwa?"

"Atauliza."

"Atamuuliza nani?"

"Mimi hapa."

Mokua akawatazama wale wanafunzi saba. Wote walikuwa wameacha kusoma, wanasikiliza.

"Mbele ya hawa?"

Gordon akanyoosha kalamu zake mfukoni. Hakuwa kijana mbaya, na hilo lilimuudhi Mokua zaidi. Mtu mbaya unamjua pa kumshika.

Wakati huo Benta akaingia. Benta aliuza omena, dagaa wa ziwani, pale Kosele, alikuwa ameolewa karibu na kanisa. Aliingia kwa ubavu, kwa mazoea, ijapokuwa mlango ulikuwa wazi wote. Akageuka nyuma ya mlango. Akakuta ukuta.

Alisimama pale akiutazama kama mtu aliyeenda kuteka maji akakuta kisima kimefukiwa.

"Karibu dada," Gordon akasema kwa sauti nzuri. "Unatafuta kitabu gani? Jina la kitabu unalijua? Au mwandishi?"

Benta akamtazama. Akawatazama wanafunzi. Mmoja alikuwa mtoto wa shemeji yake.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa napita tu."

Akatoka. Mokua akaweka mfuko chini, akamfuata mpaka penye ua wa kanisa. Benta hakugeuka. Aliongea akitazama barabara.

"Jaduong', mzee wangu, mama alikuwa akiniachia nisome pale. Nimesoma nusu. Nilikunja ukurasa."

"Naujua."

Hakuujua ukurasa. Alijua kwamba Nyatichi alimwambia, yule akija usimtazame.

"Mtoto alianguka tena juzi. Karibu aingie motoni. Mama mkwe amesema Alhamisi wanampeleka kwa mtu akachanjwe chale, atolewe kitu kichwani. Mume wangu hana shida, yeye akiona jambo limeandikwa analiamini. Pale kwenye kitabu imeandikwa kuna dawa, inapatikana kliniki, mtoto anameza kila siku. Mimi nikisema ni maneno ya mwanamke. Nilikuwa nataka leo nikichukue nikamwonyeshe."

"Ngoja hapa."

Mokua akarudi ndani. Akaiendea rafu ya dirishani. Kaki, kaki, kaki. Mia sita kumi na sita, mia sita kumi na nane. Nambari alizisoma vizuri. Akatoa kimoja, akakifunua: picha ya jino. Akatoa kingine: picha ya mapafu. Kile cha Benta hakikuwa na picha ndani, alikuwa anakijua kwa jalada, jekundu lenye doa la chai. Ndani vyote vilikuwa herufi, na herufi zote ni sisimizi.

"Nikusaidie, mzee?" Gordon akauliza. "Nitajie jina, nitakitoa mara moja."

Hapo ndipo angesema. Maneno matatu tu: mimi sijui kusoma. Angemvuta kijana pembeni akamnong'oneza, na Benta angeondoka na kitabu siku ile ile.

"Naangalia tu," Mokua akasema.

Alipotoka nje Benta alikuwa ameshaenda.

*

Hasira aliyopanda nayo kwa Oyaro, nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Lakini hakuigawa. Aliipeleka yote kwa Oyaro.

Alimkuta kwenye uwanja wa kanisa, anawaelekeza wanawake wanne waliokuwa wanafagia.

"Oyaro. Rafu yangu irudi ilipokuwa."

"Karibu kwanza, Mzee Mokua. Pole na msiba. Salamu kwanza."

"Salamu nimekupa. Rafu."

Oyaro akajifuta miwani. "Ndugu yangu, nakuelewa. Mke ni mke. Lakini kufunga nguo za marehemu kwenye vitabu, ndani ya chumba cha kanisa? Unajua watu wanasemaje? Nguo za marehemu zina mpango wake. Zinagawiwa na wenye ukoo, zinakwisha. Wewe unazichana unazifunga huko, watoto wanazishika. Wengine wanasema ni mambo ya mganga."

Mokua hakuelewa upesi. Kisha akaelewa, na damu ikampanda.

"Nani aliyechana nguo za marehemu? Alizichana mwenyewe! Akiwa mzima! Akiwa amekaa pale na mkasi wake anaimba! Miaka kumi na moja wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Nairobi unafunga tai!"

Mafagio yakasimama.

"Usinipigie kelele, mzee."

"Ulishindwa kuuliza? Watu wote wa hapa wanajua vile vitambaa. Ungeuliza hata kuku wa kanisa angekuambia!"

Mwanamke mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Uso wa Oyaro ukabadilika. Mtu anayechekwa na mafagio hatafuti tena maneno mazuri.

"Basi nikuulize mimi," akasema, taratibu, asikike na wote. "Utapangaje maktaba, Mokua, na wewe hata kusoma hujui? Eeh? Nimeambiwa. Kitabu ukipewa juu chini ni mamoja kwako. Mwachie kazi aliyesomea."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Wale wanawake waliinama wakafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mokua akageuka akaenda zake. Hakumbuki alipita njia gani. Sabini na mbili, umri wake. Miaka yote hiyo alilificha jambo moja, na mtu mmoja mwenye miwani alilitoa uwanjani kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

Jumatatu hakutoka. Alikaa kwenye karakana akitazama ukuta wa vyombo. Alimkasirikia Oyaro. Alimkasirikia Gordon na mia sita yake. Alimkasirikia aliyemwambia Oyaro. Mwisho akamkasirikia Nyatichi, kwa kufa, na kwa kutosema. Miaka kumi na moja! Angesema mara moja tu, Baba Jedidah, chukua hicho kitabu. Angemgombeza, angekataa, lakini angekuwa ameambiwa. Kisha akakumbuka kwamba rafu ile ilikuwa ya watu wasiotaka kuambiwa. Hasira ikakosa pa kwenda, ikabaki kifuani.

Jumanne asubuhi akatoa bisibisi msumarini.

*

Gordon alimkuta ameshafungua skrubu mbili.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Rafu ni yangu. Mbao zangu, mikono yangu. Sikuiuza, sikuitoa sadaka. Shika upande ule."

"Mzee Oyaro ata—"

"Shika upande ule, itakuangukia mguu."

Gordon akashika. Waliibeba mpaka nyuma ya mlango. Matundu manne yalikuwa yanangoja. Mokua alipokaza skrubu ya mwisho alikaa chini sakafuni, akapumua. Chumba kilikuwa na wao wawili tu. Akaona heri aseme sasa, maadam ilikwisha kusemwa uwanjani.

"Mimi sijui kusoma."

"Nilisikia, mzee," Gordon akasema polepole. "Pole. Haikuwa vizuri vile."

"Sitaki pole. Nataka vitabu ishirini na vitatu. Vua hizo karatasi."

"Zote?"

"Mpaka nivione."

Wakaanza kuvua kaki. Mokua alikaa mbele ya rundo kama mtu anayetambua ng'ombe wake walioibwa. "Hicho. Kona imeliwa na panya, ndicho. Hicho hapana. Hicho chenye mwanamke amejishika shavu, lete. Hicho kilinyeshewa, kimevimba tumbo, lete." Gordon alikuwa akisoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila alivyosoma sauti yake ilipungua. Alipofika cha kumi hivi akasimama. Akautazama mlango, akaitazama rafu, akaitazama kona.

"Kumbe," akasema.

"Eeh," Mokua akasema. "Kumbe."

"Chuoni hawakutufundisha mlango."

"Aliyekuwa anaufundisha mmemng'olea rafu."

Kile chekundu chenye doa la chai kilitoka cha kumi na nne. Mokua alikifungua. Ukurasa ulikuwa umekunjwa pembe. Akakiweka katikati, mahali pake pa zamani.

"Nambari zibaki?" Gordon akauliza. "Migongoni. Zitanisaidia kuhesabu."

"Zibaki. Hazinidhuru. Rafu ndiyo isisogee."

Likabaki jambo la kitambaa. Bila alama, mgeni hatajua kona ile ni ya nini. Gordon aliliendea gunia, akachungulia zambarau ndani, akasita; maneno ya nguo za marehemu yalikuwa yamemfikia na yeye. Hata yeye, na diploma yake, hakutia mkono.

Mokua alisimama, akashika mfuko wa ovaroli aliyoivaa, akauvuta mpaka ukang'oka. Akaupigilia msumari ubavuni mwa rafu.

"Mwambie Oyaro mwenye nguo hii hajafa. Hakuna la kugawa."

Mchana alipita sokoni. Benta alikuwa anapima omena na wateja wawili mbele yake. Mokua hakusimama.

"Mlango haufunguki wote tena," akasema akipita.

Benta hakuinua uso. Mkono wake na kopo la omena ulisimama hewani kidogo, kisha akamimina.

*

Jumatano Benta alikuja mapema. Aliingia ubavu, akapotea nyuma ya mlango. Gordon alikuwa mezani na wanafunzi wawili, ameinamisha kichwa kwenye daftari kuliko inavyohitajika. Mokua alikaa nje kwenye kibao, karibu na kizingiti.

Haikuchukua muda, gari la Oyaro likasimama. Oyaro akashuka ameshakunja uso, maana habari zilikuwa zimemfikia. Na Oyaro, kwa Benta, si mzee wa kanisa tu. Alikuwa baba mdogo wa mume wake. Akimkuta pale na kitabu kile, kabla ya jioni nyumba nzima ingejua, na mama mkwe asingengoja Alhamisi.

Mokua akainuka, akasimama mlangoni. Bega lake aliliegemeza kwenye ubao wa mlango, kwa upande wa ndani.

"Nimesikia umerudisha ile kitu," Oyaro akasema.

"Nimeirudisha."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya fundi."

"Nipishe nione."

"Ona kutoka hapo. Miwani unayo."

"Mokua, nipishe. Fungua mlango."

"Umefunguka."

"Fungua wote!"

"Umefunguka mpaka unapofika." Na mguu wake, ndani ya gambuti, aliuweka chini ya mlango kama kabari. Nyuma ya ubao alisikia karatasi ikigeuzwa. Akapandisha sauti. "Unataka nini humu, Oyaro? Unatafuta kitabu? Sema! Jina la kitabu? Mwandishi? Taja hapa mbele ya watu una ugonjwa gani, kijana akutolee!"

"Umerukwa na akili wewe."

"Taja! Mbona hutaji? Mimi la kwangu ulinitajia, uwanjani, mbele ya wanawake! Nikutajie na mimi lako? Nikae hapa nikisie? Presha? Sukari? Au lile la wanaume?"

Watu wawili waliokuwa wanapita barabarani wakasimama. Oyaro akageuka akawaona. Akashika tai.

"Hakuna mtu anaongea mambo ya—"

"Ndiyo! Hakuna mtu! Kwa hiyo rafu iko nyuma ya mlango, na itakaa nyuma ya mlango. Nikifa njooni muing'oe, na mniombe radhi kaburini kwanza!"

Oyaro alitia mkono kwenye mlango akasukuma. Hakuwa mtu dhaifu. Mlango ukamkandamiza Mokua bega, na mguu ukateleza kidogo, na Mokua akarudisha uzito wake wote, mzee wa miaka sabini na mbili, akiwa amekaza meno. Walisimama hivyo, mmoja anasukuma, mmoja anaegemea, wanatazamana kama madume mawili kwenye zizi bovu. Kisha sauti ikatoka ndani.

"Mzee Oyaro." Ilikuwa ya Gordon. Alikuwa amesimama. "Mlango uachwe hivyo. Mimi ndiye mkutubi. Nimeukubali mimi. Nitaandika ripoti kwa kamati."

"Wewe ulikuja hapa kwa barua yangu!"

"Ndiyo, mzee. Lakini nilisomea wasomaji."

Oyaro akautoa mkono. Alisema kamati itakaa. Alisema mengi mengine akirudi kwenye gari. Mokua hakuyasikiliza. Alibaki pale pale ameuegemea mlango mpaka gari likapotelea barabarani.

Ndipo Benta alipotoka. Leso yake ilikuwa imevimba ubavuni. Alisimama mbele ya meza, akajiandika upesi kwenye daftari, jina lake tu. Kwa Mokua hakusema asante. Alimgusa bega, lile lililokandamizwa, akapita ubavu, akaenda.

Mokua akaingia ndani. Bado alikuwa na hasira, na hakutaka ipoe kabla hajafanya jambo moja, kwa sababu ikipoa asingelifanya. Alikwenda nyuma ya mlango. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe pale unapofika. Palikuwa tupu.

Ishirini na vitatu walivirudisha. Cha ishirini na nne hakukiulizia. Hata jana, baada ya kusema yote, hicho kilimshinda kutaja.

Akatoka konani. "Kile chenye mzee ameshika penseli," akasema. "Mlikitupa wapi?"

Gordon akafikiri. Akaonyesha kwa kalamu. "Nilikiweka na vya watoto, mzee. Kwa sababu ya herufi."

Kikapu cha vitabu vya watoto kilikuwa chini, karibu na meza, mbele ya wote. Msichana wa darasa la pili aliyekuwa ameingia na dada yake alikuwa amekaa kitako kando yake, na kitabu kile chenye kaki iliyochanika kilikuwa mapajani mwake, kimefunguliwa. Mokua akainama mbele yake, magoti yakalia.

"Hicho ni changu," akasema.

Msichana akamtazama. "Ni cha a, e, i, o, u."

"Ndicho."

Akampa. Mokua akavua kaki iliyobaki, akaikunja, akaitia mfukoni. Kitabu akakipeleka mezani, akakiweka mbele ya Gordon, jalada juu, wanafunzi wote wanaona.

Gordon akalisukuma daftari, na kalamu juu yake.

"Jiandike, mzee."

Mokua aliitazama kalamu. Akalirudisha daftari.

"Leo niandikie wewe."